Motere Yenye Kunguruma

Kijana mmoja wa hapa Piana-Mwanga aliniuliza: «Baba Pasta, nikitia abrakame ya mashindano katika motokari yangu mpya, si itapata nguvu?»

Abrakame ni kile chuma chenye vinundu vinavyofungua masupapu. Ile ya mashindano inayafungua zaidi na kwa muda mrefu, motere ivute hewa nyingi. Lakini nguvu ile inakuja motere ikizunguka mbio sana; ikizunguka polepole, nguvu inapungua. Na sisi katika matope tunatembea polepole!

Tena motere za siku hizi zinaongozwa na kompyuta. Usipoipanga upya, motere itatetemeka ikiwa imesimama, na itakula esanse bure. Mara nyingi hata resori za masupapu zinabadilishwa. Na kama fundi hakupima nafasi, supapu inaweza kupiga pistoni: motere imekufa.

Kijana, feza ya kasiterite uliitolea jasho shimoni. Hesabu gharama yote, si bei ya chuma tu. Badilisha mafuta kwa wakati, tengeneza breki, lipa masomo ya watoto. Motokari inayofika nyumbani inashinda ile inayonguruma.