Mteja kwanza, depo baadaye

Ndugu wanamemba, koperative nyingi zikipata wazo la biashara, zinaanza kuhesabu mabati ya depo. Mimi naona tuanze na mama anayenunua maharagi kule Goma. Yeye anapikia makala, na makala ni pesa. Maharagi yaliyokaa sana mahali pa joto na unyevu yanakuwa magumu, yanachelewa kuiva. Mkichanganya aina, mengine yanaiva, mengine bado. Basi kuweka stoki tu mpaka bei ipande hakumsaidii.

Andikeni wazo lenu kwenye karatasi moja. Mnunuzi ni nani? Shida yake ni gani? Sisi tutaiondoa namna gani? Atalipa ngapi, na sisi tutatumia ngapi kwa mifuko, usafiri, kodi ya soko na kazi ya kuchambua?

Kisha jaribuni na mifuko miwili tu: maharagi mapya ya aina moja, makavu, yamechambuliwa vizuri. Wanunuzi wakirudi, na bei inatuachia faida, endeleeni. Wasiporudi, hasara ni ndogo. Lakini depo ya mkopo, hata ikiwa tupu, tutailipa sisi wote.