Ndoo ya vibua
Na Zuhura Mshamu

Asubuhi pale soko la samaki la Feri, Dar, dalali hupandisha bei mbio mbio, na ukizubaa unajikuta umebeba ndoo usiyojua utamuuzia nani. Kuna mama mmoja mkaangaji, changu wanapita, kolekole wanapita, yeye hata hageuki. Anasubiri vibua. Wakishamwagwa mezani, anamfunua mmoja shavu aone wekundu, anambonyeza tumbo, anataja bei yake na kunyamaza. Wenzake wakipanda juu ya hapo, anawaachia. Nilimuuliza mbona hachukui na ngisi, wana faida. "Ngisi wana wateja wao, mwanangu. Wangu wanataka kibua wa kulia ugali."

Sisi wengine tunanyoosha mkono kila ndoo inapotua. Tukiambiwa tupunguze mambo maishani, tunadhani ni kugawa nguo za kabatini, ushauri mzuri kwa wenye makabati. Mzigo wa mtu wa Dar uko kwenye simu: kundi la harusi, la sendofu, la kichen pati, kikoba cha mtaani, kikoba cha kazini. Kila kundi lina mwenyekiti, mweka hazina na tarehe ya mwisho. Unaahidi laki kwa harusi ya mtoto wa mtu mliyekutana naye mara moja, halafu ada ya mwanao unaikopa.

Jirani kabisa na soko la Feri ipo Ikulu ya Magogoni, na wakubwa nao waliwahi kuambiwa wachague. Mwaka 1967, Azimio la Arusha liliwataka viongozi wa chama cha TANU na Serikali wachague: uongozi, au nyumba za kupangisha, hisa na mshahara wa pili. Vyote kwa pamoja, hapana. Wapo walionung'unika, na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likayalegeza masharti yale. Mengine ya Azimio la Arusha mjadili wenyewe. Mie nalipendea kwamba halikumwachia mtu nafasi ya kusema atavimudu vyote. Tena lilimpa kisingizio: ndugu wakimsukuma ajenge ya kupangisha, alisema chama kimekataza.

Mimi na wewe hatuna chama cha kusingizia. Kukataa mchango ni kumkataa mtu mwenye jina, aliyewahi kukubebea mtoto au kukukopesha unga. Ndiyo maana nasema tuchague watu kwanza, pesa baadaye: ndugu wa karibu, jirani anayejua ukiumwa, rafiki wa shida. Hao wachangie mpaka mfuko ulie. Waliobaki wape pongezi za dhati, na usiombe radhi. Misiba siigusi, kule mtu huenda na miguu yake na mikono ya kuosha vyombo.

Haya yote nilimweleza shangazi yangu wa Kigamboni tukisubiri pantoni. Alinisikiliza vizuri, akaitikia kila neno, mpaka geti likafunguliwa.

"Umesema kweli, mwanangu," akasema akijitwika kikapu chake. "Ila ile harusi ya Jumamosi jina lako nimeshaliandika. Laki moja."