Mashuka ya Kalighat

Nilipokuwa chuoni India, likizo moja nilijitolea Kolkata, pale Nirmal Hriday, nyumba ya wagonjwa mahututi ambayo Mama Teresa aliifungua mwaka 1952 jirani na hekalu la Kali, mtaa wa Kalighat. Kazi yangu ilikuwa mashuka. Tulifua kwa mikono, tukakamua, tukaanika juani, kisha tukageukia vyombo. Mgonjwa asiyeweza kunyanyuka anahitaji shuka kavu kabla ya mahubiri yangu, na kwangu mimi hiyo ni huduma ya Kikristo iliyokamilika. Kibengali sikukijua (hili liliniuma sana). Akina mama wenyeji walioajiriwa pale ndio waliofahamu nani anaumwa wapi.

Kwa hiyo nayasihi makanisa yanayotuma vijana ng'ambo kwa wiki moja: wapeni muda wa kujifunza walau salamu na namna mtu anavyoomba maji, na waambieni mapema kwamba watapokea maagizo kutoka kwa wenyeji. Anayesomea uuguzi asafishe vidonda chini ya usimamizi. Asiyesomea asishike sindano kabisa, hata akibembelezwa.