Mwas, Yasmin na Mzee Ojwang

Wengi wanaoisifu Nairobi Half Life ya mwaka 2012 hukimbilia milio ya risasi, na hapo ndipo wanapoipunja. Utamu wake uko mwanzoni: Mwas, kijana wa kijijini anayeuza diski za sinema, hamtajii tu mteja bei. Anamwigizia pale pale, mikono hewani, sauti ikipanda na kushuka. Joseph Wairimu aliibeba nafasi hiyo hadi akatuzwa mwigizaji bora huko Durban, na kwa filamu hiyo Kenya ikaingia kinyang'anyiro cha Oscar kwa mara ya kwanza.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021) haina haraka hiyo. Yasmin anaozwa kwa mume anayemzidi umri mno, anatoroka, anampenda Denge, mpigania uhuru wa Zanzibar ya miaka ya 1950. Waliosoma riwaya ya Shafi Adam Shafi hulalamika kwamba mengi yameachwa. Kweli yameachwa! Lakini taarabu inapoingia na kamera ikatulia usoni mwa Yasmin, hakuna anayezikumbuka kurasa zilizokatwa. Denge ndiye anayepwaya kidogo. Anahutubia kuliko anavyopenda.

Na tamthilia za sasa, za majumba ya kifahari na urithi unaogombewa msimu hadi msimu? Zingeitazama upya Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha KBC. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki 2015, alikuwa Mkikuyu, ila Mzee Ojwang wake alikinyoosha Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo hadi watu wakaapa ni Mjaluo. Mama Kayai, mkewe kwenye kipindi hicho, akianza kumfokea, sebule nzima ilikuwa hoi kwa kicheko.