Mpango wa Pili ni Sehemu ya Maandalizi ya Mtihani

Huenda msomaji akajiuliza safari ya kuingia katika taaluma ya sheria inahusu nini jarida la afya. Jibu ni kwamba mitihani ya safari hiyo hufika kliniki kabla ya kufika katika chumba cha mtihani. Hufika kwa sura ya kijana asiyelala, mwenye moyo kwenda mbio, tumbo linalouma kila asubuhi na kichwa kisichotulizwa na dawa za maumivu. Vipimo vyake huonekana salama. Asipoulizwa anasoma nini na anatarajia nini, hurudi nyumbani na vidonge vya vidonda vya tumbo, na tatizo lake likabaki pale pale.

Maoni yangu ni kwamba kinachowaumiza wengi wa vijana hawa si ugumu wa mtihani peke yake. Ni kuuendea mtihani bila kujua watafanya nini wasipofaulu. Kwa sababu hiyo, mpango wa pili si dalili ya kukata tamaa. Ni kinga, na kinga huandaliwa kabla ya ugonjwa.

Tuangalie hali ilivyo. Nchini Tanzania, anayetaka kusoma shahada ya sheria hupimwa kwanza kwa matokeo ya kidato cha sita au ya stashahada. Anayekwenda Makerere, Uganda, hukutana pia na mtihani wa kuingilia wa chuo hicho. Vijana wetu walioko Marekani na Kanada hufanya LSAT, mtihani wenye alama kuanzia 120 hadi 180. Hata baada ya shahada, mlango wa uwakili bado una kufuli. Mwaka 2022, matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania yalizua mjadala nchi nzima: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, na walioshindwa 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza suala hilo. Hapa sitaki kuhukumu nani alikosea. Ninachosema ni kwamba wote hao walikwisha kupata shahada, na kila mmoja alikuwa na familia iliyosubiri jibu moja tu.

Wapo wazazi wanaopinga hoja hii kwa methali inayojulikana: mshika mbili moja humponyoka. Wanahofia kwamba kijana akionyeshwa njia nyingine, atalegea. Hofu hiyo ina msingi iwapo kijana ataandaliwa kwa mambo mawili kwa wakati mmoja. Lakini mpango wa pili haufanyiwi kazi leo. Huandikwa, huwekwa kando, kisha kijana hurudi kwenye vitabu vyake. Katika kliniki ya wajawazito tunamfundisha kila mama kuandaa usafiri, akiba ya fedha na ndugu wa kumchangia damu. Hakuna mkunga anayedai kwamba kuandaa mchangia damu ni kualika kutokwa damu. Mama aliyejiandaa hivyo huingia leba akiwa na utulivu zaidi. Kwa nini tumnyime utulivu huo mwanawe anapoingia kwenye mtihani?

Hata watunga mitihani hawategemei kwamba kila mtu atafaulu mara ya kwanza. LSAT hutolewa mara kadhaa kwa mwaka, na mtu huruhusiwa kuifanya hadi mara 7 maishani. Kurudia kumo ndani ya utaratibu wenyewe. Ni sisi nyumbani tunaokugeuza kuwa aibu.

Mpango wa pili ulio mzuri una jina la njia, tarehe, gharama na masharti. Kusema tu kwamba Mungu atafungua njia ni dua njema, lakini bado si mpango. Kijana ambaye alama zake za kidato cha sita hazikutosha anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kuanza na cheti au stashahada ya sheria katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Anaweza kusoma shahada nyingine na kuirudia sheria baadaye. Anayependa kuwatetea wanyonge aelezwe pia kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Mwenye shahada ya sheria aliyekwama kwenye mafunzo ya vitendo anaweza kutafuta nafasi katika rasilimali watu, bima au benki huku akijiandaa upya.

Kuhusu maandalizi yenyewe, sayansi iko wazi kuliko desturi zetu. Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka bila kitabu walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma tu. Usingizi nao ni sehemu ya kusoma, kwa kuwa ndipo ubongo unapoimarisha yaliyosomwa mchana. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7, na kijana wa chini ya miaka 18 saa 8 hadi 10. Kafeini ya kahawa au ya vinywaji vya kuongeza nguvu hubaki mwilini kwa saa nyingi, hivyo inayonywewa jioni huiba usingizi wa usiku. Dawa za kupunguza mapigo ya moyo, kama propranololi, zisiazimwe kwa rafiki: kwa mwenye pumu zinaweza kubana njia ya hewa.

Kwa wenzangu watoa huduma, nina maombi matatu. Kwanza, kijana mwenye dalili zisizoeleweka aulizwe kuhusu mtihani, kisha aulizwe: usipochaguliwa, siku inayofuata utafanya nini? Ukimya au jibu la kwamba maisha yatakuwa yamekwisha ni dalili yenye uzito sawa na homa kali. Pili, tukiona dalili hiyo, tuulize waziwazi kuhusu mawazo ya kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Humpa ruhusa ya kulisema. Akikiri, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo kwenye huduma ya afya ya akili. Tatu, mtahiniwa mwenye ulemavu au ugonjwa sugu aandikiwe barua inayoeleza jinsi hali yake inavyoathiri kusoma, kuandika au kukaa muda mrefu, badala ya kutaja jina la ugonjwa pekee. Nchini Marekani, makubaliano ya mwaka 2014 kati ya Wizara ya Sheria na waendeshaji wa LSAT yalikomesha kuwekewa alama maalumu matokeo ya waliopewa muda wa ziada. Haki ya namna hiyo haina faida kwa mgonjwa ambaye barua ya daktari wake ina mstari mmoja.

Na kwenu wazazi na walezi: ketini na kijana kabla ya mtihani, si baada ya matokeo. Andikeni pamoja njia mbili au tatu, na gharama zake. Kisha mwambieni, kwa maneno yanayosikika, kwamba nafasi yake nyumbani haipimwi kwa alama. Sentensi hiyo haihitaji daktari, na mara nyingi hutangulia dawa zote nizijuazo.