Mbali ni Mbali na Nani?

Majuzi, katika kipindi cha Hisabati cha Kidato cha Nne hapa Machakos, niliwapa wanafunzi wangu swali la latitudo na longitudo: ndege ikitoka Lodwar kwenda Mandera moja kwa moja, itasafiri umbali gani, na kwa muda gani? Hesabu haikuwa ngumu. Mandera iko mashariki ya Lodwar kwa digrii sita na ushei, na karibu na ikweta kila digrii ni takriban kilomita 111. Jibu likawa kilomita 700 hivi. Kwa ndege iendayo kilomita 500 kwa saa, safari haitimizi saa moja na nusu.

Ndipo mwanafunzi mmoja alipoinua mkono na kuuliza, "Mwalimu, ndege hiyo huruka siku gani?" Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Kwa hakika, msafiri wa kawaida hana budi kushuka kwanza hadi Nairobi, mwendo wa kilomita 500, kisha apande nyingine ya kwenda Mandera, kilomita 800 zaidi. Jumla ni 1,300, karibu maradufu ya umbali wa ramani. Hapo sijataja saa za kungoja, nauli mbili, wala malazi iwapo ndege ya pili ni ya kesho.

Siwalaumu wenye ndege. Wao hufuata abiria, na maji hufuata mkondo. Lakini mkondo huo ulichimbwa zamani. Sisi wa Machakos tunaujua vyema. Mji wetu ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza kabla ya Nairobi. Reli ya kutoka Mombasa ikatupita kando, na mwaka 1899 makao hayo yakahamishiwa Nairobi. Vilima vyetu havikusogea hata hatua moja. Njia ndiyo iliyobadilika, nasi tukawa watu wa kando. Kisha Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ukaelekeza fedha kwenye sehemu zilizodhaniwa kuleta faida upesi, na kaskazini ikazidi kuachwa nyuma.

Katiba ya mwaka 2010 ilituletea kaunti. Je, kaunti za kaskazini haziwezi kushirikiana kuhakikisha abiria wa ndege ndogo, hata mara moja kwa wiki, ili Turkana na Mandera zifikiane bila kuzunguka Nairobi?

Walimu wenzangu, tuendelee kufundisha hesabu ya umbali, lakini tusiishie hapo. Tuwazoeze wanafunzi kuuliza mahali panapoitwa mbali ni mbali na nani, na ni nani aliyeipanga njia. Watakaopanga njia za kesho wamo madarasani mwetu leo. Nami swali la kijana yule nimeliandika katika daftari langu la maandalio, chini ya lile la kwanza.