Vyombo vya Kubebana na Vyombo vya Kumezana



Wapenzi wasomaji, juma hili safu yetu yaingia stoo. Kila nyumba ina pahali pake pa vyombo: mvunguni mwa kitanda, juu ya kabati la jikoni, au uani chini ya ngazi. Na karibu kila mama wa nyumba ana lalamiko lile lile, kwamba vyombo ni vingi na nafasi ni haba. La ajabu ni kuwa mara nyingi nafasi hiyo hailiwi na unga, mchele wala nguo za Idi. Huliwa na vyombo vitupu.

Kila chombo kina maisha mawili. Kikiwa kimejaa, hutakiwa kibebe chombo kingine juu yake bila kukiumiza kilichomo ndani. Kikiwa kitupu, hutakiwa kimezwe na kingine ili kisishike nafasi ya bure. Sisi tunapokuwa dukani huyatazama maisha ya kwanza tu: chaingia kilo ngapi, kifuniko chakaza au hakikazi. Maisha ya pili twakutana nayo nyumbani, baada ya fedha kwisha kutoka. Basi natuyatazame yote mawili kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake mna nafasi ya nyumba zetu, na kwa dada zetu wafanyao biashara, mna riziki yao.

Tuanze na kasha kubwa kuliko yote tuyajuayo, nalo ni kontena. Sisi wa Mombasa twayaona kila siku Kilindini na katika barabara ya Changamwe na Miritini, yamepangwa juu kwa juu mfano wa majumba ya ghorofa. Hadi miaka ya 1950 shehena nyingi duniani zilipakiwa kipande kwa kipande: gunia, pipa, bunda na sanduku, kila kimoja kwa mabega ya makuli na kwa winchi za meli. Meli iliweza kukaa bandarini siku nyingi ikipakia na kupakua. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka bandari ya Newark, Marekani, kuelekea Houston, ikiwa imebeba makasha 58 ya malori yaliyoondolewa magurudumu. Mwenye wazo hilo, Malcom McLean, hakuwa baharia, bali mfanyabiashara wa malori. Kwa hesabu ya wakati ule, kupakia tani moja kwa njia ya zamani kuligharimu dola 5.83. Katika Ideal X, tani hiyo moja iligharimu chini ya senti 16.

Siri ya kasha hilo haikuwa ukubwa wake, bali pembe zake. Mhandisi Keith Tantlinger alibuni vichwa vya chuma vyenye matundu vya kukaa pembeni, pamoja na kufuli ya kuzungusha inayoshikamanisha kasha na kasha. Ukuta wa kontena ni bati jembamba lililokunjwa mawimbi, na paa lake ni bati vile vile. Hakuna kati yao kilichoumbwa kubeba tani za mzigo. Wabebao ni nguzo nne za pembeni. Kontena lililojaa, ambalo uzito wake huweza kufika tani 30, hukaa juu ya lenzake kwa pembe nne tu, na uzito wote ukateremka nguzo kwa nguzo hadi chini. Kilichomo ndani, kiwe ni sahani za kaure au majokofu, hakijui kama juu yake pana makasha matano. Katika miaka ya 1960 haki ya ubunifu wa pembe hizo iliachiwa wote, na vipimo vya makasha vikakubaliwa kimataifa. Ndiyo sababu leo kasha la futi 20 lililotengenezwa Uchina hushikwa na winchi ya Mombasa bila kuulizana.

Hii basi ndiyo kanuni ya kwanza: chombo ndicho kinachopaswa kubeba, si mali iliyomo ndani yake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wakiwasema wale wasiohisi uzito unaomlemea mwingine. Chombo kizuri hufanya kinyume chake: huuchukua uzito wa mwenzake juu ya mifupa yake mwenyewe, na amana aliyokabidhiwa ikabaki salama.

Sasa natuteremke kutoka bandarini hadi soko la Kongowea. Nyanya huja zimepakiwa katika masanduku ya mbao, yakasafiri usiku kucha yakiwa juu kwa juu. Sanduku lenye nyanya zisizopita ukingo hubebwa na mbao zake. Lakini sanduku likijazwa hadi likavimba, la juu yake halikai tena juu ya mbao. Hukaa juu ya nyanya. Kila tuta la barabarani ni kinu, na sanduku la juu ni mchi. Anayelipa ni mama aliyenunua kwa jumla ili akauze kwa mafungu. Akilifungua hukuta tabaka la juu limebonyea na la chini limetoa maji. Tuseme katika kila nyanya mia zimeharibika kumi: huenda kumi hizo ndizo zilizokuwa faida yake yote, yaani karo ya mtoto au kodi ya chumba.

Tabia hiyo ni ndugu wa lumbesa, lile gunia linaloongezewa kilemba cha wavu juu ya mdomo wake. Huonekana kana kwamba mnunuzi amepata ziada, kumbe mkulima amepunjwa, kuli amevunjwa mgongo, na gunia lenyewe haliwezi tena kupangwa likatulia. Sheria za Kenya zimeweka kilo 50 kuwa ukomo wa gunia la viazi. Nasi tunajua kuwa Qur'ani Tukufu ina sura nzima iliyoitwa kwa jina la wapunjao vipimo. Chombo chenye ukingo unaoheshimiwa ni mizani pia. Anayekijaza hadi pale kinapostahiki, wala asipite, amemtendea haki aliyelima, aliyebeba na atakayekula.

Kontena, pamoja na sifa zake zote, lina aibu moja: halijui kuwa tupu. Likiwa limejaa au halina kitu, hushika nafasi ile ile melini, bandarini na juu ya lori. Nchi yetu huagiza bidhaa nyingi kuliko inazozipeleka nje. Kwa hiyo makasha mengi yaliyoshuka Kilindini yamejaa hurudi melini yakiwa yamebeba hewa. Gharama ya safari hiyo haipotei. Imo katika nauli, na nauli imo katika bei ya mchele na ya jokofu. Makasha ya kukunjika yamekwisha kubuniwa, bali bado ni machache, kwani kila bawaba inayoongezwa ni pahali papya pa kuvuja na kuvunjika.

Wazee wetu wa bahari hii walilijua jambo hili zamani sana. Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung nchini Indonesia, paligunduliwa mabaki ya jahazi lililozama katika karne ya 9. Mbao zake zilishonwa kwa kamba bila misumari, kwa ufundi ulio jamaa moja na ule wa mtepe wetu. Jahazi hilo lilitoka Uchina na shehena ya vyombo vya kauri takriban 60,000, vingi vyao vikiwa bakuli za Changsha. Baadhi ya bakuli hizo zilikutwa ndani ya mitungi mikubwa, zimepangwa kwa kuzunguka, bakuli ndani ya bakuli, zaidi ya mia moja katika mtungi mmoja. Hatuna haja ya kwenda mbali kuthibitisha kuwa biashara hiyo ilitufikia. Vigae vya vyombo vya Changsha vimechimbuliwa Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu.

Tazameni hekima ya upakiaji ule. Mtungi ulikuwa wa kubeba, bakuli zilikuwa za kumezana. Bakuli humezana kwa sababu mdomo wake ni mpana na kitako chake ni chembamba. Ndoo zetu za plastiki zafuata mtindo huo huo. Tuseme ndoo ina kimo cha sentimita 30, na kila inayotiwa ndani ya nyingine huchomoza sentimita 5 tu. Ndoo kumi zilizomezana zitasimama sentimita 75. Kumi hizo zingepangwa moja juu ya moja bila kumezana, zingefika mita 3, yaani hadi darini. Sufuria zetu zina njia nyingine. Kuta zake husimama wima, lakini hazina mikono, na kila moja ni ndogo kidogo kuliko inayoifuata. Kwa hiyo seti nzima hulala ndani ya sufuria moja kubwa.

Hata hivyo, mteremko una bei yake. Chombo kilichofinyika chini huingiza kidogo kuliko kilichosimama wima, na vikipangwa ubavu kwa ubavu rafuni huacha mianya katikati. Vyombo vya duara navyo vina hasara yao: mkebe wa duara ukitiwa katika nafasi ya mraba inayoutosha, zaidi ya moja ya tano ya nafasi hiyo hubaki pembeni bila kazi. Hakuna chombo kimoja kilichokusanya sifa zote.

Waliokaribia zaidi ni wabunifu wa kreti za plastiki zinazogeuzwa. Kreti hizo zina vijiguu na vipandio upande mmoja tofauti na upande wa pili. Ukiiweka ya juu ikaelekea upande mmoja, miguu yake hukaa juu ya ukingo wa ile ya chini, nazo zikabebana. Ukiigeuza ikatazama upande wa pili, miguu huteleza katika mifereji yake, nazo zikamezana. Kreti ni ile ile. Kilichobadilika ni uelekeo tu. Lori lililokwenda limejaa mikate au samaki likarudi na kreti zote zimemezana pembeni, lina nafasi ya kuchukua mzigo mwingine njiani. Kwa mfanyabiashara mdogo anayelipia nafasi ndani ya matatu au tuktuk, tofauti hiyo ni fedha taslimu kila siku.

Kutokana na haya, kila mama aweza kujiwekea kanuni moja nyepesi. Chombo kinachokaa kimejaa mwaka mzima, kama cha unga, sukari, mchele na viungo, kiwe cha pembe nne, kuta zake wima, na kifuniko chenye ukingo wa kupokea kitako cha kingine. Chombo kinachokwenda kimejaa na kurudi kitupu, kama cha futari ya jirani, cha mahamri ya kuuza au cha maji ya shughuli, kiwe cha kumezana. Anayenunua kinyume cha hivyo hulipa mara mbili, kwanza dukani, kisha kwa nafasi.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio matatu papo hapo dukani. Kwanza, weka kimoja juu ya kingine na ukisukume kwa kidole. Kikiteleza hapo, kitaanguka nyumbani. Pili, bonyeza katikati ya kifuniko. Kikizama, basi uzito wa juu utaangukia chakula chako. Tatu, kitie kimoja ndani ya kingine, ukibane kidogo, kisha ukivute. Vyombo vizuri vina kidaraja cha ndani kinachovizuia visikazane. Visivyo nacho hunyonyana kwa hewa hata vikavunjika katika kutenganishwa. Bilauri mbili zikikwama, tia maji baridi katika ya ndani na uiweke ya nje katika maji ya vuguvugu. Ya ndani itajikaza, ya nje itatanuka, nazo zitaachana bila ugomvi.

Nyumbani, kizito kikae chini na chepesi juu, na mpango usizidi kifua cha mama, kwani mtoto huiona ngazi pale tunapoona rafu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mtaka cha darini huanguka. Vyombo vikauke kabisa kabla ya kumezana, maana unyevu uliofungiwa huzaa ukungu na harufu. Vifuniko vipangwe kwa kusimamishwa pahali pamoja, kama vitabu.

Neno la mwisho ni kwa vikundi vya kina mama vinavyoweka vyombo vya harusi na matanga kwa ajili ya mtaa. Vyombo hivyo hutumika siku chache na hukaa vitupu siku nyingi. Basi maisha yake makubwa ni ya utupu. Sinia, bakuli na vikombe 200 vya aina moja, vinavyomezana, hutosha katika kabati moja na husafirishwa kwa safari moja. Vya aina kumi tofauti, vilivyonunuliwa kidogo kidogo kwa kuvutiwa na rangi, hudai chumba kizima, na chumba kina kodi, na kodi hiyo hutoka katika michango ya wajane na wauza maandazi. Kikundi kichague aina moja, kiandike ukubwa wake na jina lake katika daftari, na kila kitakachoongezwa kifuate hiyo hiyo. Aliyeshika funguo za stoo ameshika amana, na nafasi nayo ni sehemu ya amana hiyo.